Moja kwa Mia Mbili

Karatasi ilikuwa nzuri. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu kila anayesimulia habari hii huanzia kwenye sindano, akairuka karatasi, na mwisho watu hubaki wakiwalaumu madaktari bure. Daktari hakuwa na kosa. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoinama, na aliisukuma ile karatasi juu ya meza akaonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa picha ya mtoto, hapa damu, na hapa chini jumla ya vyote.

"Mama, kwa umri wako wa miaka arobaini na miwili, kabla hatujapima chochote tungesema katika wajawazito hamsini kama wewe, mmoja atazaa mtoto mwenye kromosomu ya ziada. Na kwa kuwa wa kwanza alizaliwa hivyo, tungeongeza wasiwasi kidogo. Sasa vipimo vinasema mmoja katika mia tisa. Haya ni majibu mazuri sana. Ningekuwa mimi, ningekwenda nyumbani nikalala."

Mama akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Alikuwa dobi, mwenye alama ndogo za pasi mikononi, na wala hakujali kwamba machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya mtu mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Mimba mbili zilikwisha kumtoka kabla ya hii. Hii ilikuwa na wiki kumi na tano, na hakuwa amewahi kufika hapo tangu mtoto wa kwanza.

"Kwa hiyo hamjui," alisema mumewe.

"Tunajua kiasi hicho, baba."

"Mmoja katika mia tisa si kujua, daktari. Huko ni kubahatisha. Hakuna kipimo kinachosema ndiyo au siyo?"

Daktari akavua miwani. Kipimo kilikuwepo, na hakupenda kukitaja, lakini alikuwa ameulizwa na alipaswa kujibu. Sindano ndefu nyembamba huingizwa tumboni huku mashine ya picha ikiiongoza, ikavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto, na maji hayo yakapelekwa maabara. Jibu huja baada ya wiki mbili, na halina labda. Ila sindano nayo ina hatari yake. Katika wanawake mia mbili wanaochomwa, mmoja mimba yake hutoka.

"Wenzangu wengine watawaambia ni wachache kuliko hao," aliongeza. "Mimi nasema mia mbili ili mtu asije akaniambia sikumwonya. Bingwa wa kipimo hiki huja Alhamisi. Mna wiki tatu za kuamua. Kwa karatasi hii, mimi siwasukumi."

"Mmoja tu kwa mia mbili?" mume aliuliza, na uso wake ukafunguka kabisa.

Mkewe akamgeukia taratibu. "Tu?" alisema.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, binti yao alikuwa amekaa amekumbatia mkoba wa mama yake. Mlango wa daktari haukufungika vizuri na yeye ndiye aliyekuwa karibu nao. Wazazi walipotoka, muuguzi aliyepita na mafaili akamtazama binti, kisha akamuuliza mama kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za mzigo: "Na huyu? Ana miaka mingapi? Anaelewa mtu akisema naye?"

"Kumi na saba," binti alijibu mwenyewe. "Naelewa."

Muuguzi akacheka kidogo akaenda zake.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Bosi, na wazazi wake waliitwa Baba Bosi na Mama Bosi, hata kwenye daftari la dobi. Jina alipewa na baba yake. Siku tatu baada ya kuzaliwa, ndugu walijaa chumbani na nyuso za msibani, kila mmoja akiangalia yale macho membamba yaliyopanda juu na ile shingo fupi, wakinong'ona. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono imekunjwa juu ya tumbo, kama meneja aliyetoka kula chakula cha mchana. Baba akasema, "Jamani, punguzeni kelele, mtamwamsha bosi." Wengine walicheka, wengine waliona ni kichaa, na jina likakaa. Nalisema hili sasa ili baadaye msije mkasema mtu huyu hakumpenda mwanawe. Alimpenda. Ndiyo maana habari yenyewe inauma.

---

Baba Bosi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga. Kazi yake ilikuwa kumulika mayai. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya meza yenye taa chini, na trei zilipitishwa juu ya taa hiyo moja baada ya nyingine. Yai lenye uhai likimulikwa siku ya saba huonyesha kitone cheusi na mishipa myekundu iliyotandaa pande zote. Lililo tupu huwa jeupe tu. Lililokufa huwa na duara la damu, na hilo akiliacha litaharibika, litapasuka, litachafua wenzake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameyatoa mayai viza kwa vidole viwili bila kukunja uso. Trei ya mayai mia na hamsini ilimchukua dakika moja na nusu.

Sasa kwenye kiwanda hicho, mayai mia yakiingia mashineni na tisini na mawili yakatotoa, meneja alishinda akipiga mluzi. Yale manane hayakuwa na msiba. Na kila Jumatatu walichukua mayai kumi yaliyokuwa yakiendelea vizuri kabisa, wakayavunja, waone vifaranga wamefikia wapi. Kumi kati ya elfu thelathini. Nani atayalilia? Yakishavunjwa hayarudishwi, lakini mtu anapata kujua, na kujua kulihesabiwa kuwa faida. Basi mtu wa kazi hiyo akiambiwa moja kwa mia mbili, anasikia kitu gani? Anasikia nusu ya yai kwa mia. Angekuwa seremala au dereva, huenda angeogopa kama watu wengine. Kosa hili lilikuwa la wamulikaji peke yao.

"Nusu ya yai kwa mia," alimwambia karani wa chumba kile, mwanamke mwenye ulimi mwepesi aliyeandika hesabu za trei. "Ungeliandika?"

"Nusu ya yai? Meneja angeniuliza kama sina kazi ya kufanya." Karani akacheka. Kisha alipoelezwa nusu hiyo inahusu nini, akaacha kalamu. "He! Baba Bosi, kwani huko kwenu mna trei ngapi?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kumaliza maneno. Trei iliyofuata ilikuwa juu ya taa tayari na mkono wake ukaendelea.

---

Jumapili alasiri dada yake mkubwa akaja. Alikuwa muuza samani, mwenye gari na mwenye sauti, na alikuwa ameahidi kulipa nusu ya gharama za kipimo, kwa hiyo aliingia kama mtu aliyekwisha nunua neno lake. Sebule ya nyumba ile ndiyo iliyokuwa chumba cha pasi. Meza ilitandikwa blanketi kuukuu, mashati ya watu wa ofisini yalining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, na mgeni alilazimika kuinama apite chini ya mikono ya mashati hayo. Mama Bosi alikuwa akipiga pasi. Bosi alikuwa akikunja: kola juu, mikono nyuma, kidole gumba kinapita kwenye mkunjo, halafu juu ya rundo. Mama yake alikuwa amewahi kurudishiwa mashati mawili na wateja. La Bosi halikuwahi kurudi hata moja.

"Bosi, mwanangu, hebu nenda nje kaniangalizie gari, watoto wasije wakaligusa."

"Lina king'ora, shangazi."

"Nenda tu, mama."

Bosi akalimalizia shati alilokuwa nalo, akatoka.

"Wifi," mgeni alisema, "mimi sina maneno mengi," na hapo ndipo maneno mengi yalipoanza. Kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwamba daktari mwenyewe ni mtoto wa juzi, atajua nini. Kwamba sindano ni sekunde chache, hata yeye alichomwa sindano ya goti na hakufa. "Kaka yangu hasemi kwa sababu anakuheshimu. Mimi nasema. Mmesahau mlivyohangaika? Mtoto alipopasuliwa moyo mlilala wapi? Si kwenye sakafu ya hospitali? Miaka minne hajasema neno, mitatu hajatembea. Wifi yangu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Mama Bosi akaisimamisha pasi.

"Nyoka ni nani, wifi?"

"Aa, methali tu hiyo, jamani. Usinichukulie vibaya."

"Methali naijua, nimekua nayo. Nauliza nyoka ni nani. Maana hapa ndani tunaishi watatu, na mmoja umemtoa nje akalinde gari lenye king'ora."

Wifi akamtazama kaka yake. Mama Bosi naye akamtazama mumewe. Kilichotakiwa hapo kilikuwa maneno mawili tu, "Dada, nyamaza," na mambo yangeisha. Baba Bosi alikuwa ameshika mkono wa shati la mtu lililoning'inia karibu na sikio lake, akiuchunguza kama ana mpango wa kulinunua.

"Dada hakumaanisha vibaya," alisema.

Eti hakumaanisha vibaya! Mkewe akairudisha pasi kwenye shati, akaendelea kupiga mpaka mgeni alipoaga.

---

Gari lilipoondoka, Bosi alikwenda uani kuanua nguo. Mama Bosi akaendelea kupiga pasi, mgongo umemgeukia mumewe.

"Hebu nieleze hesabu yako. Mmoja kwa mia tisa ni wengi, wanakunyima usingizi. Mmoja kwa mia mbili ni wachache, hawafai hata kuandikwa. Mimi sikusoma sana, Baba Bosi, lakini kila siku nahesabu mashati ya watu. Ipi ya kuogopa hapo?"

"Si hesabu ya namna hiyo."

"Ni ya namna gani?"

"Mimba ikitoka..."

"Malizia."

"Ikitoka tutalia, tutanyamaza. Mbili zilitoka, tukalia, tukanyamaza. Lakini ile nyingine..."

"Ile nyingine ni Bosi."

"Ile nyingine haina mwisho!" Sauti ilimponyoka. Akatupa jicho mlangoni, akaishusha. "Mke wangu, nina miaka hamsini na moja. Nikifika sabini, Bosi atakuwa na thelathini na sita, na wewe u mwanamke mzee. Nani atampeleka kliniki ya moyo? Nani atamwangalia watu wasimpunje, wasimcheze shere, wasimfanye mabaya? Nilitaka mmoja mzima wa kusimama naye tutakapokuwa hatupo. Sasa wakiwa wawili namna moja, nitawaacha kwa nani? Kwa dada? Si umemwona dada."

Mama Bosi alimhurumia. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba alikuwa na haki ya kumchukia na bado akamhurumia. Macho ya mumewe yalikuwa mekundu kweli, na si ya taa ya kazini. Wiki nzima alikuwa akigeuka geuka kitandani mpaka shuka linatoka.

"Na jibu likija kwamba ni ndiyo, utaniambia nini?"

Baba Bosi akalisogeza shati lililomgusa sikio.

"Basi nikuambie mimi. Jibu lije lijavyo, mtoto huyu nitamzaa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa kipimo cha nini?"

"Nijue tu," alisema Baba Bosi. "Nijue, nipate usingizi."

Mkewe akaizima pasi, akaanza kuuzungusha waya wake polepole, mzunguko juu ya mzunguko.

"Haya. Nitachomwa ili wewe ulale."

Hakulisema hilo kwa upole, na mtu yeyote mwenye masikio angejibu, "Basi, tuache." Nafasi ilikuwepo. Mwanamke alimaliza kuzungusha waya wote akiisubiri. Baba Bosi alisema, "Ahsante, mke wangu," na kwa kweli alishukuru kutoka moyoni.

---

Alhamisi walikwenda wote watatu, maana Bosi alikataa kubaki. Kabla ya kuingia kulikuwa na fomu. Muuguzi, yuleyule wa siku ile, aliijaza kwa kasi mpaka akafika mahali akasita.

"Hapa pananisumbua. Majibu yenu ya mwanzo ni mazuri, kwa hiyo lazima niandike sababu ya kuchoma sindano. Niandike mtoto wa kwanza mwenye kasoro?"

Alisema hivyo Bosi akiwa amekaa kati yao, bega kwa bega na mama yake.

"Andika ombi la baba," alisema Mama Bosi.

"Hakuna kisanduku cha ombi la baba, mama. Kuna umri, kuna matokeo mabaya, kuna kasoro katika familia."

"Umri basi."

"Kwa umri peke yake bingwa ataniuliza maswali, na watu wako kwenye foleni."

"Andika tu," Baba Bosi alisema, akiangalia saa ya ukutani. "Andika hiyo hiyo. Ni karatasi tu."

Muuguzi akaandika. Bosi akaufungua mkoba wa mama yake akaanza kutafuta kitu humo ndani, akatafuta kwa muda mrefu, na hakutoa chochote.

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza. Mama Bosi alilala, tumbo likapakwa dawa ya baridi, mashine ikawashwa, na kwenye kioo akaonekana mtoto. Alikuwa na kichwa. Alikuwa na mkono, na mkono huo ulikuwa ukijikuna uso. Katikati ya kifua kitu kidogo kilikuwa kikipiga, haraka haraka, bila kujua kwamba kinaangaliwa. Baba Bosi alikuwa ametazama uhai gizani kwa miaka ishirini na miwili na alidhani hakuna jipya. Sasa alijikuta akihesabu. Mmoja. Hakukuwa na mia mbili hapo. Mia na tisini na tisa wale walikuwa wa watu wengine, katika nyumba nyingine, na hawakumhusu hata kidogo. Alitaka kusema, "Subirini kwanza." Bingwa alikuwa amekwisha kushika sindano.

"Usitikisike, mama," alisema bingwa.

Baba Bosi akanyoosha mkono amshike mkewe. Mkewe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, na hakukiachia.

---

Siku ya tatu ikaonekana damu. Haikuwa nyingi. Daktari alisema kwenye simu kwamba hutokea, alale tu, asiinue kitu kizito, na ikizidi waje mara moja. Mama Bosi akalala chali akitazama dari, mkono mmoja chini ya kitovu. Hakumlaumu mumewe, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Akimletea maji, aliyanywa. Akimuuliza unajisikiaje, alijibu, "Vilevile."

Ule usingizi ambao Baba Bosi aliufuata kwenye sindano nao haukuja. Kama mwanzoni alilala kwa muda wa saa tatu, sasa hakulala hata moja. Kazini alipitisha trei nzima yenye viza saba na karani ndiye aliyeona. "Baba Bosi, unamulika au unaota?" alimuuliza, kwa utani, kisha akaona uso wake akamwacha.

Kazi zote za nyumbani zilimwangukia Bosi. Wateja walioleta nguo walipomkuta peke yake mezani, wawili walizirudisha nyumbani. Mmoja alisema atapita tena mama akipona. Bosi alizipiga pasi nguo za waliobaki, moja baada ya moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na jioni baba yake akirudi alimsaidia kutundika.

"Baba, daktari alisema karatasi ni nzuri. Nilisikia nikiwa kwenye benchi."

"Ni kweli."

"Sasa sindano ilikuwa ya nini?"

"Ya uhakika, mwanangu. Kujua kama mtoto ni mzima."

Bosi akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mpaka amalize, na wengi hawakuwa na subira ya kumngoja. "Na asipokuwa mzima?"

"Tutampenda vilevile. Kama wewe."

Akaona amejibu vizuri. Alijipongeza kwa jibu hilo mpaka alipomaliza kutundika mashati yote. Mama Bosi, kule chumbani, alisikia kila neno kupitia ukuta mwembamba, na alijifunika uso kwa khanga.

Damu ilikatika siku ya sita. Siku ya tisa daktari akampima tena: mapigo ya moyo yapo. Mama Bosi akaruhusiwa kuamka, akawa anatembea ndani ya nyumba kwa kushika kuta, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

---

Simu ililia Jumamosi, saa nane mchana. Bosi alikuwa mezani na shati la mwalimu mmoja. Mama Bosi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba, akishona kifungo. Baba Bosi aliikamata simu ikamteleza, akaidaka tena, akaenda kusimama katikati ya sebule chini ya mashati.

"Ndimi, daktari. Ndiyo. Ndiyo... Unasema? Hebu rudia." Akakaza macho. "Hana? Hana kabisa? Asilimia mia moja?"

Mkewe aliona mabega yake yakitikisika. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja alilia, akacheka, akalia tena. Alimshukuru daktari mara sita. Alipokata simu alipiga ngumi hewani, waya wa mashati ukayumba, na mashati mawili ya mteja yakaanguka sakafuni wala hakuyaona.

"Hana!" alipiga kelele. "Mama Bosi, hana! Jamani, mtoto hana! Amesalimika!"

Alimkimbilia mkewe, akapiga magoti, akaegemeza kichwa mapajani mwake. Mama Bosi alikuwa na furaha pia, mwongo ndiye atakayekataa. Moyo wake ulikuwa umeruka. Lakini alikuwa akitazama juu ya kichwa cha mumewe, kuelekea mezani, na mkono wake haukushuka kumgusa. Baba Bosi hakungoja aguswe. Alikuwa amekwisha simama, vidole vinabonyeza simu.

"Dada! Dada, sikia. Hana! Wamepima wamemaliza, hana! Nimepona, dada, nimepona mimi!"

"Hana nini, Baba?"

Bosi alikuwa ameisimamisha pasi wima, kama mama yake alivyomfundisha. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu. Dada mtu alikuwa akishangilia ndani ya simu, na Baba Bosi akaishusha kutoka sikioni ikabaki kifuani.

"Hana... hana tatizo, mwanangu."

"Tatizo gani?"

Akamtazama mkewe. Mara hii alimtazama kwa kumsihi, kama mtu anayezama. Mama Bosi aliukata uzi kwa meno, akaliweka shati chini.

"Mwambie," alisema. "Ulitaka kujua, umejua. Sasa mwambie."

Baba Bosi alifungua mdomo. Alikuwa na miaka kumi na saba ya maneno mazuri kwa mtoto huyu, utani wa kila asubuhi, majina ya kuchekesha, na alipoyatafuta hakupata hata moja. Bosi alimngoja. Alimngoja kwa subira ileile ambayo watu hawakuwahi kumpa yeye. Alipoona hapati jibu, akajipatia mwenyewe.

"Hayuko kama mimi," alisema.

Bosi akaizunguka meza, akayaokota yale mashati mawili sakafuni, akayakung'uta vumbi, akayatundika mahali pake. Kisha akamwendea baba yake. Akaushika mkono wake usio na simu kwa mikono yake miwili, kama alivyoona watu wazima wakifanya kwa mtu aliyepata jambo kubwa, akautikisa mara moja, mara ya pili.

"Hongera, Baba."

"Haloo?" dada yake aliita kutoka kwenye simu. "Haloo! Mbona umenyamaza? Hebu sema tena, nisikie vizuri. Umesema hana?"